Uwanda wa Uasin Gishu na Vizazi vya Wakimbizi wa Kiyahudi

Katika vitabu vya historia ya Wayahudi, uwanda wa juu ambao jiji la Eldoret limekaa katikati yake hutajwa kwa jina lisilo lake, kwa kuwa mpango wa mwaka 1903 wa kuwapa Wayahudi wa Ulaya ardhi katika Afrika Mashariki umezoeleka kuitwa Mpango wa Uganda, ilhali ardhi iliyokusudiwa ilikuwa Uasin Gishu, nchini Kenya ya leo. Kosa hilo lina asili yake. Hadi mwanzoni mwa mwaka 1902 nchi yote kutoka Naivasha hadi Ziwa Viktoria ilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Himaya ya Uganda, yaani nchi iliyowekwa chini ya ulinzi wa Uingereza bila kutangazwa kuwa koloni kamili, na ilipohamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki mwezi Aprili mwaka huo, ofisi za London hazikuacha mazoea ya kusema Uganda, kama vile reli iliyotoka Mombasa na kuishia Kisumu ilivyoendelea kuitwa Reli ya Uganda ingawa haikuwa imeikanyaga Uganda yenyewe.

Mtoto au mjukuu wa Myahudi aliyenusurika mauaji ya kimbari ya Ulaya, au wa mkimbizi aliyewahi kutoka Ujerumani kabla milango haijafungwa, anapofuatilia habari za ukoo wake hadi katika uwanda huu hukutana na historia mbili zilizopishana kwa takriban miaka 30: ile ya ardhi iliyotolewa mwaka 1903 na kukataliwa mwaka 1905, na ile ya familia zilizopokelewa moja moja tangu miaka ya 1930 kama watunzaji wa mashamba ya watu wengine. Historia zote mbili zimehifadhiwa zaidi katika makaratasi ya serikali ya kikoloni kuliko katika majengo au makaburi, na ofisi zilizoandika makaratasi hayo ndizo zilizoandika pia jinsi Wanandi na majirani zao walivyoondolewa katika malisho yao. Ndiyo maana utafiti wa urithi wa Kiyahudi katika Uasin Gishu huwa na kasoro ukiandikwa kama habari ya ukoo mmoja tu, na ndiyo maana pia mtafiti wa Kinandi, akitaka asitake, hujikuta akisoma habari za Basel na Kishinev.

Kishinev, ambayo leo ni Chişinău, mji mkuu wa Moldova, ilikuwa wakati huo katika milki ya Urusi, na mwezi Aprili 1903 Wayahudi wake walishambuliwa katika pogromu, neno la Kirusi linalotaja fujo la umati dhidi ya jamii moja, lenye kuua, kubaka na kupora huku wenye mamlaka wakitazama au wakichochea. Watu wapatao 49 waliuawa kwa siku mbili. Theodor Herzl, mwandishi wa habari wa Vienna aliyekuwa ameanzisha mwaka 1897 vuguvugu la Uzayuni, yaani harakati za kuwapatia Wayahudi taifa lao wenyewe, alikuwa akihangaika kati ya Istanbul, London na Petersburg akitafuta mahali pa kuwaweka watu hao haraka. Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alikuwa amesafiri kwa reli mpya ya Afrika Mashariki mwezi Desemba 1902, akaona nyanda zenye baridi na majani mabichi, na reli iliyogharimu mamilioni ya pauni ikiwa haina mizigo ya kubeba. Ukarimu wa wazo lake la kuwapa Wayahudi nyanda hizo haupaswi kukanushwa, lakini wala haupaswi kutenganishwa na hesabu hiyo ya reli.

Barua rasmi iliandikwa tarehe 14 Agosti 1903 na Sir Clement Hill wa Wizara ya Mambo ya Nje, na ndani yake serikali ilisema kuwa iko tayari kufikiria makazi ya Kiyahudi yatakayokuwa na ofisa wa Kiyahudi kama mkuu wa utawala wa mahali na uhuru wa kutunga sheria za mji na za dini, chini ya usimamizi wa jumla wa Uingereza. Rasimu ya mkataba ambayo upande wa Herzl uliipeleka serikalini ilikuwa imeandaliwa na kampuni ya mawakili ya David Lloyd George, na waziri mkuu wakati huo alikuwa Arthur Balfour. Watu hao wawili ndio walioongoza serikali iliyotoa Tamko la Balfour mwaka 1917, wa kwanza akiwa waziri mkuu na wa pili waziri wa mambo ya nje. Kwa hiyo Uasin Gishu ilikuwa zoezi la kwanza la kalamu zile zile.

Mkutano wa sita wa Wazayuni ulioketi Basel, Uswisi, mwezi huo huo wa Agosti uliombwa si kuipokea ardhi, bali kupeleka tume ya kuikagua, na hata hilo lilikaribia kuuvunja. Wajumbe 295 waliunga mkono, 178 wakapinga, na karibu 100 wakajizuia kupiga kura. Wajumbe wa Urusi, wakiwemo waliotoka Kishinev kwenyewe, yaani wale ambao mpango ulibuniwa kwa ajili yao, walitoka nje ya ukumbi kwa kilio, wakiamini kuwa kukubali mahali pengine ni kuiacha Palestina. Max Nordau, aliyeutetea mpango kwa ajili ya rafiki yake Herzl, aliuita malazi ya usiku mmoja, akimaanisha kibanda cha kujihifadhi njiani na si nyumba, na mwezi Desemba mwaka huo kijana mmoja alimpiga risasi mjini Paris, akamkosa. Herzl alifariki Julai 1904 bila kuona mwisho wa jambo hilo.

Tume yenyewe ilikuwa ya watu watatu: Meja Alfred St Hill Gibbons, Mwingereza aliyezoea safari za Afrika, Alfred Kaiser, Mswisi mwenye ujuzi wa mimea na nchi kavu, na Nahum Wilbusch, mhandisi Myahudi wa Urusi ambaye dada yake, Manya, alikuja kuwa mmoja wa waasisi wa walinzi wa kwanza wa vijiji vya Kiyahudi huko Palestina. Walifika Mombasa mapema mwaka 1905, wakapanda kwa reli hadi Nakuru, kisha wakaenda kwa miguu na wapagazi hadi juu ya uwanda, wakiwa na jukumu la kupima eneo lipatalo maili za mraba 5,000, sawa na kilomita za mraba 13,000 hivi. Gibbons aliona kuwa nchi inaweza kuchukua watu, ingawa si wengi na si kwa haraka, lakini Kaiser na Wilbusch waliona malisho yasiyo na soko, mito michache, na umbali wa kukatisha tamaa kutoka kwenye reli. Wilbusch hakuwa shahidi asiye na upande, kwa kuwa moyo wake ulikuwa Palestina kabla hajapanda meli, na baadaye alijenga huko Haifa kiwanda kikubwa cha mafuta. Hata hivyo hoja ya umbali ilikuwa ya kweli, kama walivyokuja kugundua Makaburu waliohamia uwandani baadaye, waliokokota magari ya ng'ombe kwenye tope kutoka Londiani kwa miaka mingi kabla ya reli kufika Eldoret mwaka 1924. Mkutano wa saba wa Wazayuni, Julai 1905, ulikataa. Israel Zangwill, mwandishi wa riwaya wa London, alijitenga na kuunda shirika lake la kutafuta ardhi popote duniani itakapopatikana.

Huko Nairobi walowezi walikuwa wamekwisha kupinga kwa sauti kubwa, Lord Delamere akiwa mbele yao, wakidai kuwa ardhi bora ya Himaya inatolewa kwa maskini wa kigeni. Wachache tu ndio waliokuja kwa kuvutwa na habari za mpango, na anayejulikana zaidi ni Abraham Block, mzaliwa wa Lithuania aliyetokea Afrika Kusini mwaka 1903, ambaye ukoo wake ulikuja kumiliki hoteli za Norfolk na New Stanley. Jumuiya ya sala ya Kiyahudi iliundwa Nairobi mwaka 1904 na ingali pale.

Jambo ambalo halikupigiwa kura Basel ni kama ardhi ilikuwa na wenyewe. Barua za serikali ziliusema uwanda kuwa hauna watu, na msafiri aliyepita mwaka 1903 aliweza kweli kutembea siku nzima asione boma, lakini utupu ule ulikuwa na historia ya karibu sana. Jina Uasin Gishu ni la kundi la Wamasai, na hufasiriwa kuwa ng'ombe wenye mistari. Kundi hilo lilivunjwa na Wamasai wenzake katika vita vya karne ya 19, na waliosalia wakatawanyika na kumezwa na majirani. Kabla yao masimulizi yanawataja Wasirikwa, ambao mashimo yao ya duara, yaliyokuwa mazizi ya ng'ombe, yameenea hadi leo katika mashamba ya mahindi ya uwanda huu. Baada ya Wamasai kuondoka, Wanandi kutoka upande wa kusini-magharibi na Wakeiyo kutoka kwenye ukingo wa bonde walipeleka ng'ombe wao kulisha huko kwa msimu. Malisho ya msimu hayana ukuta wala paa, na ofisa aliyezoea kuhesabu nyumba aliandika kuwa nchi ni tupu.

Mwaka huo huo wa 1905, miezi mitatu baada ya mkutano wa Basel kuukataa uwanda, kikosi cha Waingereza kilikuwa kikijiandaa kuwavunja nguvu Wanandi waliopinga utawala na reli kwa takriban miaka 10. Tarehe 19 Oktoba kiongozi wao, orkoiyot Koitalel arap Samoei, neno orkoiyot likimaanisha mkuu wa kiroho mwenye mamlaka ya kubariki vita na kuona mambo yajayo, aliuawa katika kikao kilichoitishwa kama cha mapatano, na aliyemuua ni Kapteni Richard Meinertzhagen. Mwanzoni mwa mwaka 1906 koo za Wanandi zilizokaribiana na reli zilihamishwa kwa nguvu na kutiwa katika hifadhi, yaani eneo walilowekewa mipaka na serikali, na njia ya kuelekea uwandani ikawa wazi kwa walowezi. Meinertzhagen huyo huyo alikuja kuwa, baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ofisa mkuu wa siasa wa jeshi la Uingereza huko Palestina na mmoja wa Waingereza waliotetea Uzayuni kwa bidii kuliko wote. Mwanahistoria hahitaji kulazimisha uhusiano kati ya mambo hayo mawili. Yanatosha kuwekwa karibu.

Ardhi iliyokataliwa Basel ilichukuliwa mwaka 1908 na Makaburu wa msafara wa Jansen van Rensburg, waliotokea Afrika Kusini, wengi wao wakiwa na makovu ya vita na kambi za Waingereza za mwaka 1899 hadi 1902. Posta ilifunguliwa mwaka 1910 katika shamba namba 64, na ingawa mji ulipewa jina la Eldoret mwaka 1912, wazee wa Kikalenjin waliendelea kuuita Sisibo, yaani 64 kwa matamshi yao.

Historia ya pili inaanza Januari 1933, Adolf Hitler alipokabidhiwa serikali ya Ujerumani, na inafikia ukali wake kati ya mwaka 1938 na vuli ya 1939. Mwezi Julai 1938 mataifa 32 yalikutana Evian, Ufaransa, kujadili wakimbizi, na mjumbe wa Uingereza, Lord Winterton, aliposema kuwa Palestina haiwezi kupokea zaidi, alitaja uwezekano wa kuweka idadi ndogo ya familia nchini Kenya. Idadi iliyokusudiwa ilikuwa ndogo kweli. Serikali ya koloni ilitaka watu wachache, waliochaguliwa, wenye kujua kilimo au walio tayari kukijifunza, wenye dhamana ya fedha au mwajiri. Walowezi wengi hawakuwataka hata hao. Na viongozi wa Kihindi walihoji kwa haki kwa nini mkimbizi kutoka Berlin akaribishwe katika Nyanda za Juu za Wazungu, ambazo Mhindi aliyezaliwa Nakuru alizuiwa kununua shamba ndani yake, zuio ambalo mwaka 1939 liliwekewa mipaka rasmi kwa amri ya London. Mwafrika, ambaye ndiye aliyepoteza ardhi, hakuulizwa.

Waliofanikiwa kuingia walikuwa mia kadhaa. Wengi walikuwa mawakili, madaktari, wafanyabiashara na wake zao, watu wa mjini ambao pasipoti zao, tangu Oktoba 1938, zilikuwa na herufi J nyekundu na tangu Januari 1939 zilibeba jina la kulazimishwa la Israel kwa mwanamume na Sara kwa mwanamke. Sheria ya Kijerumani aliyosomea wakili haikuwa na kazi Nairobi, na hati ya udaktari isiyo ya Uingereza haikumruhusu mwenyewe kutibu, kwa hiyo mtu aliyewahi kusimama mahakamani Breslau alijikuta meneja wa shamba la mlowezi asiyeonekana, kwa mshahara mdogo, katika nyumba ya mabati isiyo na umeme, akihesabu madebe ya maziwa asubuhi na kumtegemea nyapara kwa kila jambo lililohusu ng'ombe, mvua na pareto. Walitawanyika hivyo kutoka Limuru na Naivasha hadi Nakuru, Uasin Gishu na Trans-Nzoia, familia moja hapa na nyingine kilomita 40 mbele, na kutawanyika huko ndiko kunakowatatiza wajukuu wao leo, kwa maana hakuna kijiji cha kurudi.

Vita vilipoanza Septemba 1939 serikali iliwakamata kama raia wa adui, pamoja na Wajerumani wengine waliowakimbia, kisha ikawaachilia baada ya kutambua upuuzi wa jambo hilo. Mawasiliano na ndugu waliobaki Ulaya yalipungua hadi kufikia fomu ya Msalaba Mwekundu iliyoruhusu maneno 25 tu, yapigwe mashine au yaandikwe kwa herufi kubwa, yahusu habari za kifamilia pekee, na jibu liandikwe nyuma ya karatasi hiyo hiyo. Fomu ilipitia Geneva, ikachukua miezi, ikasomwa na wakaguzi wa pande mbili. Katika hifadhi za familia fomu hizo hupatikana zimekunjwa mara nne, na mfuatano wake husomeka bila maelezo: watu ni wazima, watu wanahama, kisha hakuna fomu nyingine. Karibu Wayahudi milioni 6 waliuawa katika Maangamizi hayo, yanayoitwa Holokosti kwa lugha nyingi na Shoah kwa Kiebrania.

Maelezo yanayojulikana zaidi ya maisha haya yametoka kwa Stefanie Zweig, aliyezaliwa mwaka 1932 Leobschütz, mji wa Silesia ulioko Poland ya leo, akaletwa Kenya mwaka 1938, akalelewa katika mashamba ya Rongai na Ol Joro Orok, akasoma shule ya bweni Nakuru. Baba yake, wakili, alirudi Ujerumani mwaka 1947 kuwa jaji Frankfurt, uamuzi ambao wakimbizi wengi hawakuuelewa wala kuusamehe. Riwaya ya Zweig ya mwaka 1995, iliyojengwa juu ya maisha yake, ilifanyiwa filamu na Caroline Link, na filamu hiyo ikapata tuzo ya Oscar mwaka 2003 kama filamu bora ya lugha ya kigeni. Jambo moja katika kazi hiyo halijaangaliwa vya kutosha na wasomaji wa Ulaya, ambao huchukulia Kiswahili chake kuwa pambo la mandhari. Mtoto wa mkimbizi alizungumza Kijerumani na wazazi waliokuwa na hofu, Kiingereza na walimu waliomdharau, na Kiswahili na mpishi na watoto wa shambani, yaani na watu pekee ambao hawakumtaka athibitishe chochote. Kwa lugha hiyo alikuwa mtoto tu.

Kiswahili hicho, ni kweli, kilikuwa mara nyingi Kisetla, lahaja ya mashambani isiyojali ngeli, iliyozaliwa katika amri na kukosa unyambulishaji, ambayo mtu wa Lamu au Unguja angeisikia akatikisa kichwa. Lakini katika nyumba za London, Tel Aviv na Frankfurt maneno kama shauri, maridadi, toto na kesho yamedumu mezani kwa vizazi, na mjukuu ambaye hajawahi kufika Afrika huweza kuyachukulia kuwa maneno ya siri ya bibi yake kabla ya kugundua kuwa mamilioni ya watu wanayatumia sokoni. Mtaalamu Marianne Hirsch ameiita kumbukumbu ya namna hii, inayomfikia mtu kwa picha, tabia na ukimya wa wazazi badala ya kwa macho yake mwenyewe, kwa istilahi inayoweza kutafsiriwa kuwa kumbukumbu ya kurithi. Helen Epstein alikuwa ameandika juu ya watoto wa walionusurika tangu mwaka 1979. Wote wawili waliwaza Ulaya na Marekani, na urithi wa Kiswahili haukuwa katika hesabu yao.

Nyaraka zenyewe hutafutwa katika sehemu nyingi: hifadhi za Arolsen nchini Ujerumani zenye kumbukumbu za waathiriwa wa Wanazi, Yad Vashem mjini Jerusalem, Hifadhi ya Taifa ya Uingereza huko Kew, Maktaba ya Wiener mjini London, na Hifadhi ya Taifa ya Kenya, iliyo katika jengo la zamani la benki kwenye barabara ya Moi, Nairobi. Karatasi yenye manufaa kuliko zote, hata hivyo, mara nyingi ni ile iliyochapishwa hadharani na ikasahaulika. Mgeni aliyeomba uraia wa tajnisi, yaani uraia wa kupewa kwa mtu asiyezaliwa nao, alilazimika kutangaza ombi lake katika Gazeti Rasmi la koloni, na tangazo hilo la mistari michache lilitaja jina lake, mahali anapokaa, na wito kwamba yeyote anayejua sababu ya kumnyima uraia aandike maelezo yaliyotiwa sahihi na kuyapeleka kwa Katibu wa Koloni. Mistari hiyo, iliyobanwa kati ya matangazo ya mirathi, leseni za pombe na ng'ombe waliopotea, ndiyo pekee inayoonyesha wakati mwingine kwamba mtu fulani wa Silesia alikuwa akiishi karibu na Eldoret katika mwaka fulani.

Thamani yake imepanda kwa sababu ya sheria. Amri ya Novemba 1941 ilimvua uraia Myahudi yeyote Mjerumani aliyekuwa nje ya nchi, na Katiba ya Ujerumani ya mwaka 1949, katika ibara ya 116, iliwapa waliovuliwa na vizazi vyao haki ya kurudishiwa. Marekebisho ya Agosti 2021 yalipanua haki hiyo kwa wengi waliokuwa wameachwa, wakiwemo waliozaliwa na mama Mjerumani na baba mgeni, na wale ambao wazazi wao walikuwa wamechukua uraia mwingine kabla ya amri kutolewa. Tarehe ya tangazo la Nairobi, kwa hiyo, huweza kuamua ni kifungu kipi kinamhusu mjukuu anayejaza fomu Haifa au Toronto. Wapo wanaofanya hivyo kwa ajili ya pasipoti tu, na hakuna ubaya. Wengi huanza na pasipoti wakaishia kwenye historia.

Tangu miaka ya 1990 msanii Gunter Demnig amekuwa akipachika mbele ya nyumba za zamani za waathiriwa mawe madogo yenye bamba la shaba, yanayoitwa mawe ya kujikwaa, na mwaka 2023 idadi yake ilifikia 100,000. Baadhi yake yana mstari unaosema mtu alikimbia mwaka 1938 au 1939, na chini yake neno Kenya kwa tahajia ya Kijerumani. Alama hiyo iko upande wa kuondokea. Upande wa kufikia, shamba alilofanyia kazi mkimbizi limekwisha kugawanywa, kwani tangu mwaka 1962 mashamba makubwa ya walowezi yalinunuliwa kwa mikopo na kupimwa vipande vipande, au yalichukuliwa mazima na kampuni na vyama vya ushirika, na jina la Kiingereza lililoandikwa nyuma ya picha limefutika. Kinachobaki ni namba ya ardhi katika rejista, mstari wa mikaratusi, pengine msingi wa nyumba, na kumbukumbu za watoto wa skwota, yaani wafanyakazi walioruhusiwa kukaa na kulima kipande kwa malipo ya kazi. Mgeni mwenye picha hupata kwao habari ambazo hakuna hifadhi iliyo nazo, lakini huulizwa pia, kwa adabu, kama amekuja kudai shamba.

Swali hilo si la kijinga katika kaunti ambako ardhi imesababisha damu kumwagika zaidi ya mara moja tangu mwaka 1992, na jibu lake linamlazimu mjukuu wa mkimbizi kueleza kuwa babu yake hakuwa mwenye shamba bali mwajiriwa. Ni kweli, na ni nusu ya kweli. Meneja yule alipata kazi kwa kuwa alikuwa Mzungu katika nchi iliyotengewa Wazungu, na aliokoka katika malisho ya watu waliohamishwa. Wapo pia wanaokwenda mbali zaidi na kusema kuwa, kama Basel ingeikubali Uasin Gishu, mamilioni wangeokoka. Hoja hiyo ina uchungu unaoeleweka, lakini ni dhaifu: tume yenyewe haikuona nafasi ya wengi, walowezi walikuwa tayari kupinga, na miaka miwili baada ya ahadi ya 1903 jeshi lilihitajika kuwaondoa Wanandi katika sehemu tu ya nchi yao. Mahali pa kukimbilia pangekuwa koloni, pamoja na yote yanayofuatana na koloni.

Kisiwani Mauritius, ambako Waingereza waliwafunga Beau Bassin Wayahudi zaidi ya 1,500 waliofukuzwa Haifa Desemba 1940, makaburi ya waliofia huko yako pamoja katika uwanja wa St Martin, na vizazi vyao vina mahali pa kusimama. Uasin Gishu haina uwanja wa namna hiyo, na kazi ya kuwakumbuka wakimbizi wake imebaki kwa wasomaji wa nyaraka. Wanandi nao wana safari yao ya nyaraka, ikielekea upande wa pili. Mwaka 2006 fimbo tatu za uongozi za Koitalel, zilizokaa Uingereza kwa miaka 100, zilirudishwa Kenya kutoka mikononi mwa mwana wa Meinertzhagen. Shajara za baba yake, ambazo wataalamu wameonyesha kuwa zina uongo mwingi na hazifai kusomwa bila ushahidi mwingine, zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bodleian, Oxford, ambako mtafiti wa historia ya Uzayuni na mtafiti wa kifo cha orkoiyot huomba masanduku ya mtu mmoja. Fuvu la Koitalel, ambalo wazee wa Kinandi husimulia kuwa lilipelekwa Uingereza, halijarudishwa.